Nyumba ya Wote Inataka Mwenyewe

Nyumba yetu ya urithi iko Mji Mkongwe wa Bagamoyo, kata ya Dunda, si mbali na ufukwe wanakoshusha samaki. Ni nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa, ina baraza mbele, ukumbi katikati, na nyuma ua wenye kisima cha maji ya chumvi. Bibi, mzaa mama, aliirithi kwa baba yake akaikalia mpaka alipofariki. Baada yake ikawa ya wote: watoto wake, wajukuu, walioko Dar es Salaam, walioko Tanga na Unguja, na mmoja aliyeolewa Maskati. Nililelewa humo, nikaja kukabidhiwa kuisimamia ukubwani. Katikati ya nyakati hizo mbili nilikuwa msaidizi wa dada yangu alipojenga nyumba yake ya tofali Mapinga, njia ya kwenda Dar. Kwa hiyo nimeishuhudia nyumba kongwe na nyumba mpya, zote zikiliwa na chumvi ileile ya bahari.

Watu wakiona jengo la kale limeporomoka husema limezeeka. Mimi sikubali haraka. Pale Kaole, kilometa chache kusini ya mji wetu, kuta za msikiti wa karne ya 13 bado zimesimama, na hazina paa wala mtu wa kuzipaka chokaa kila mwaka. Umri peke yake hauangushi nyumba. Kinachoiangusha nyumba ya pwani, kwa nilivyoona, ni kukosa mtu mmoja ambaye wajibu wake ni kuitazama.

Kalenda mbili za bibi

Bibi hakuwa na fundi wa kudumu. Alikuwa na kalenda, tena mbili. Ya kwanza ilikuwa ya mwezi: Shaabani ikiingia vyombo vinatolewa uani, magodoro yanaanikwa, kuta zinapigwa chokaa, ili Ramadhani iikute nyumba nyeupe. Ya pili ilikuwa ya jua, ile ya Nairuzi ambayo wakulima na manahodha wa pwani waliihesabu kwa miongo, siku kumi kumi, na ambayo watu wa Makunduchi kule Unguja wangali wakiisherehekea kila Julai kwa Mwaka Kogwa. Kazi za usafi na uzuri zilifuata mwezi. Kazi za paa na maji zilifuata jua.

Alikuwa na sababu. Mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko wa jua kwa siku kama 11, kwa hiyo Shaabani huzunguka misimu yote. Anayengoja Shaabani ndipo aangalie bati, iko siku atapanda juu ya nyumba katikati ya masika. Mvua haingoji mwandamo.

Nilipokabidhiwa nyumba niliandika kalenda ya jua ya bibi kwenye karatasi, nikaibandika nyuma ya mlango wa stoo. Januari na Februari, wakati wa kaskazi, jua kali na ardhi kavu: paa likaguliwe, gata zisafishwe, na shimo la choo linyonywe kabla maji ya ardhini hayajapanda. Machi hadi Mei, masika: hapafanywi ujenzi, hapa ni kutazama tu na kuandika panapovuja. Juni hadi Septemba, kusi na kipupwe: kuta. Hali ya hewa ni ya baridi kidogo, chokaa inakauka polepole inavyotaka. Oktoba, kabla ya vuli: gata tena, na matawi ya mwembe yanayolalia bati yakatwe. Hakuna katika hayo linalohitaji fedha nyingi. Linalohitajika ni mtu wa kuyakumbuka.

Ufa na saruji

Kila Mswahili amefundishwa kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali ni ya kweli, ila haikusema ufa uzibwe kwa nini. Katika nyumba ya matumbawe, ukiuziba ufa kwa saruji, ukuta utaujenga mapema zaidi.

Binamu yangu mmoja alirudi safari na fedha zake na moyo mzuri. Akakuta plasta ya ukuta wa mbele imebanduka kuanzia chini hadi usawa wa kifua, akaita fundi, wakaupiga ukuta mzima saruji, wakaumalizia kwa rangi ya mafuta. Ulipendeza kweli. Baada ya masika, ukiugonga kwa kidole unasikia uwazi ndani. Kisha gamba likaanza kuanguka vipande vikubwa kama sahani, na kila kipande kimeondoka na uso wa jiwe.

Mjomba, ambaye ujana wake wote aliutumia kwa kazi ya uashi wa chokaa, alikuja akaokota kipande kimoja, akakigeuza upande wa ndani, akaupitisha ulimi.

"Onja," akaniambia.

Kilikuwa chumvi tupu. Akanieleza pale pale, kwa mkono ukutani. Kuta hizi za wazee hazina kizuizi cha unyevu kwenye msingi. Maji hupanda kutoka ardhini, nayo yamebeba chumvi. Ukuta wa chokaa huyaachia yatoke kwa mvuke, na chumvi inabaki juu juu, inabomoa plasta kidogo kidogo. Plasta ya chokaa iliwekwa ili iumie badala ya jiwe, ndiyo maana wazee waliirudia mara kwa mara bila kulalamika. Saruji na rangi ya mafuta vinafunga njia. Maji hayaishi kwa kufungiwa. Hupanda juu zaidi yakitafuta pa kutokea, mpaka kwenye vichwa vya boriti, na chumvi hujenga nguvu nyuma ya saruji hadi inaisukuma ianguke pamoja na jiwe.

Tuliibandua saruji yote na kuuacha ukuta upumue kipupwe kizima kabla ya kuugusa. Mchanganyiko ulikuwa chokaa moja kwa mchanga wa mtoni tatu. Chokaa ilikuwa ya mfuko kutoka Tanga, maana matumbawe ya baharini si ya kuchoma tena siku hizi, nayo ililowekwa pipani kwa wiki kadhaa kabla ya kutumika. Plasta ikapigwa kwa tabaka nyembamba, kila tabaka likingojewa, na kwenye jua kali tukatundika magunia yaliyoloweshwa ukutani. Fundi kijana aliyekuwa akimsaidia mjomba aliuliza kwa nini tusimalize siku moja. Mjomba hakumjibu, alimpa ndoo akaloweshe magunia.

Mwenye nyumba ya aina hii achukue mambo matatu hapa. Asitie saruji kwenye ukuta wa chokaa, hata kiraka. Apake chokaa au rangi inayopitisha mvuke, si ya mafuta. Na kama nyumba iko ndani ya Mji Mkongwe, apite kwa watu wa Idara ya Mambo ya Kale kabla ya kubomoa au kubadili sura, kwa sababu sheria inawahusu na, jambo ambalo wengi hawalijui, ushauri wao unaweza kumwokolea fedha.

Boriti nzima hulia

Vyumba vya nyumba za mawe ni vyembamba kwa sababu upana wake umepimwa kwa urefu wa boriti ya mkoko. Boriti ni ngumu na mchwa huiogopa, lakini ina mahali pake pa kufia: kichwa kilichozama ukutani. Ukuta ukiwa na maji, kichwa kinaoza ndani kwa ndani huku sehemu unayoiona ukumbini ni nzima kabisa.

Mjomba alinifundisha kukagua. Unapanda kwenye kiti, unagonga kila boriti kwa mgongo wa panga, kuanzia katikati ukielekea ukutani. Boriti nzima inalia, iliyooza inanyamaza. Penye kunyamaza unachoma kwa msumari mrefu, karibu kabisa na ukuta. Ukiingia bila kupigiwa nyundo, watu wahame chumba hicho leo hii, wala si mwisho wa wiki, mpaka kitegemezwe kwa nguzo. Kukata mikoko bila kibali ni kosa, kwa hiyo mbadala wetu umekuwa mbao ngumu au mbao zilizotiwa dawa, vichwa vyake vikiachiwa nafasi ya hewa ukutani.

Nasisitiza uhai wa watu kwa sababu tumeona. Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883 lililo mbele ya Forodhani, Zanzibar, iliporomoka wakati matengenezo yakiendelea, na watu wakapoteza maisha. Jumba lile lilikuwa na serikali, wataalamu na jina la dunia nzima. Nyumba zetu hazina hata kimoja cha hivyo, zina sisi tu.

Mapinga: nondo na chumvi

Ukitoka Bagamoyo kuelekea Dar utapita Zinga, Kerege, Mapinga, kisha Bunju na Boko. Njia nzima watu wanajenga. Dada yangu alipoanza kujenga, kazi yangu ilikuwa kukaa na mafundi, na nilikaa na nyumba ya bibi kichwani.

Jambo la kwanza lilikuwa mchanga. Mchanga wa ufukweni ni wa karibu na bei yake ni rahisi, na kuna watakaokuletea usiku. Mbali na kwamba kuuchota kunazila fukwe, una chumvi, na chumvi ndiyo adui wa nondo. Nondo ikipata kutu huvimba, na ikivimba huipasua zege kutoka ndani. Jirani yetu mmoja alikuwa na lenta ya baraza yenye ufa mrefu ulionyooka kama uliochorwa kwa rula. Ufa wa namna hiyo, unaofuata mstari wa nondo na kutoa rangi ya kahawia, haupigwi plasta. Zege ibanduliwe, nondo ionekane, ijulikane imebaki kiasi gani. Sisi tulitumia mchanga wa mtoni. Maji ya kisima cha chumvi tuliyaacha ya kuoshea miguu, hayakuingia kwenye zege. Na mafundi waliambiwa nondo ikae ndani ya zege si chini ya inchi mbili, isichungulie nje. Nilisimama pale na rula mkononi. Walinicheka, kisha wakazoea.

Jambo la pili lilikuwa tofali. Mfyatuaji akikuambia mfuko mmoja wa saruji umetoa tofali 50 za inchi 6, amekuuzia mchanga ulioshikana. Thelathini na kidogo ndiyo tofali. Nazo zimwagiliwe asubuhi na jioni kwa wiki nzima, kivulini ikiwezekana. Zege huhesabiwa kuwa imekomaa siku ya 28, hata kama mwenye nyumba ana haraka ya kuhamia.

La tatu, bati. Namba ya geji ikipanda, unene unashuka: geji 32 ni jembamba kuliko geji 28. Karibu na bahari tofauti hiyo unaiona kwa macho baada ya misimu michache, hasa kwenye matundu ya misumari na kingo zilizokatwa, ambako kutu huanzia. Kabla hujapaua, kenchi na papi zipigwe dawa ya mchwa pande zote, hasa mwisho uliokatwa kwa msumeno. Wauzaji wengi wa mbao watakuonyesha rangi ya dawa kwa nje. Omba wakate kipande uone imeingia kiasi gani.

Maji ya juu na maji ya chini

Ni ajabu ya pwani yetu kwamba mtambo wa Ruvu Chini, unaolisha sehemu kubwa ya Dar es Salaam, uko wilayani Bagamoyo, na bado mabomba yakikauka tunakumbuka visima. Mwishoni mwa mwaka 2022 Mto Ruvu uliposhuka, wenye matangi walilala na wasio nayo walikesha wakisukuma mikokoteni ya madumu.

Hesabu ya maji ya mvua ni nyepesi na kila familia inapaswa kuijua. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa la mita za mraba 100 likinyeshewa milimita 20, ambayo ni mvua ya kawaida tu ya masika, limeshusha lita 2,000: ndoo 100 za lita 20. Sehemu itapotea, lakini hata ukipata robo tatu, umepata. Mvua ya kwanza iachwe ipite, kwa maana inaosha vumbi, chumvi na uchafu wa kunguru. Tangi lifunikwe kwa wavu wa matundu madogo. Mbu wa homa ya dengue, iliyotutesa mwaka 2014 na tena 2019, huzaliana kwenye maji safi yaliyotulia, na tangi la wazi ni nyumba yake.

Kisima na shimo la choo vitenganishwe kwa mita 30, na choo kiwe upande wa chini wa mteremko. Viwanja vya Mji Mkongwe havina nafasi hiyo. Sisi tuliamua kisima kibaki cha kufulia na kudekia, maji ya kunywa yawe ya bomba, nayo yachemshwe. Bibi alikuwa na mtungi wake wa kunywa mbali na kisima, ingawa sikuwahi kumsikia akitaja vijidudu.

Mirathi ikilala, nyumba inalala nayo

Ukuta na paa vilikuwa kazi ya mikono. Kazi ngumu ilikuwa ya karatasi.

Bibi alipofariki tulizika, tukakaa matanga, tukaanua, na hakuna aliyefungua mirathi. Iliitwa heshima: nani ataanza kuulizia mali udongo haujakauka? Miaka ikapita. Mama akafariki, mjomba mkubwa naye akafuata. Sasa fungu lao liligawanyika kwa watoto wao, na nyumba iliyokuwa na warithi wa kuhesabika kwenye mkeka mmoja ikawa na warithi wasiofahamiana. Ndipo mmoja wa ukoo akaja na mnunuzi, ana karatasi yenye mhuri, anataka kuuza "sehemu yake." Sehemu ipi? Katika mirathi ya Kiislamu mafungu yanajulikana, thumuni ni thumuni na sudusi ni sudusi, lakini huwezi kuchora mstari sakafuni ukasema hapa ndipo thumuni inapoishia.

Kilichotuokoa ni kikao cha ukoo na Mahakama ya Mwanzo. Kikao kiliandika muhtasari, kikapendekeza msimamizi, mahakama ikamthibitisha baada ya tangazo. Kuanzia hapo tulijifunza mambo ambayo ningependa kila familia iyajue kabla ya msiba. Msimamizi wa mirathi si mwenye mali, amebebeshwa kukusanya, kulipa madeni na kugawa. Ana miezi minne tangu kuteuliwa kuwasilisha mahakamani orodha ya mali na madeni, isipokuwa mahakama imwongezee muda. Mrithi anayetaka kuuza hawezi kuuza nyumba nzima kwa niaba ya wengine, na mhuri wa mtaa haugeuzi hilo. Kwa Waislamu, wosia hauvuki thuluthi, wala haumnufaishi mrithi ila wenzake wakiridhia, kwa hiyo karatasi ya "nyumba hii namwachia fulani" huenda isifanye kazi aliyoitarajia mwandishi wake. Anayetaka nyumba isiuzwe kabisa azungumze mapema na wanazuoni juu ya wakfu, akiwa hai na akili zake timamu.

Kwa walio hai pia kuna la kujua. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inakataza mwanandoa mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Na tangu Mahakama ya Rufani ilipoamua kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu mwaka 1983, kazi za mke nyumbani zinahesabiwa kuwa mchango katika mali iliyochumwa ndani ya ndoa. Nimewaona wake waliosaidia kubeba tofali wakaambiwa nyumba haiwahusu. Si kweli.

Daftari

Kwenye kile kikao wazee walitaka tumalize kwa kugawana. Shangazi, aliyekuwa kimya muda wote, akauliza: "Na huyo wa kuziba paa mmeshamgawa?"

Ndipo makubaliano yetu yalipopatikana. Nyumba haiuzwi kwa sasa. Chumba cha mbele kinapangishwa duka, na kodi yake kwanza inatengeneza nyumba, kinachobaki kinagawanywa kwa mafungu. Kuna mtunzaji mmoja, anayejulikana kwa jina, na analipwa. Tulibishana sana juu ya kumlipa, kwamba ni ndugu, afanye kwa mapenzi. Lakini kazi ya mapenzi haina wa kumwuliza ikilala. Mtunzaji ana daftari lenye kurasa mbili kwa kila msimu: upande mmoja alichokiona, upande wa pili alichokifanya na gharama yake. Picha ya kurasa hizo inakwenda kwa wote kwa simu, mpaka Maskati.

Daftari lilituonyesha hata jambo la kodi ya majengo. Tangu mwaka 2021 kodi hiyo inakatwa kupitia LUKU, mwanzoni shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ikapandishwa kuwa 1,500 mwaka 2023. Anayenunua umeme ndiye anayekatwa, awe mwenye nyumba au siye. Kumbe mwenye duka, mpangaji wetu, alikuwa akilipa kodi ya ukoo mzima bila mtu kujua, wala hakulalamika. Tukamrudishia, tukaiingiza kwenye matumizi ya nyumba.

Familia nyingi zinaniuliza zianzie wapi, kwa kuwa fedha hazitoshi. Mimi hujibu kwa kuuliza swali: nyumba hii, ikivuja leo usiku, nani atapigiwa simu? Wakitazamana, hapo ndipo pa kuanzia. Mchagueni mtu, mpeni daftari, mlipeni. Kisha kama masika yako karibu aanze na paa. Kama aliyewaachia nyumba hiyo amefariki na mirathi haijafunguliwa, waacheni mafundi kwanza, nendeni Mahakama ya Mwanzo.